Umekutwa na simu ya wizi: nani athibitishe, wewe au serikali?

#1 FundiWaBondeni
Salaam jamaa. Nina binamu ana kibanda cha kutengeneza simu hapa kisiwani Mombasa. Alikuja mtu na simu yenye kioo kilichopasuka, ataka kuiuza vivyo hivyo. Binamu akailipia, akatia kioo kipya, akaiweka kwenye kabati ya kuuzia. Haukupita muda wakaingia askari waliovaa kiraia pamoja na mwenye simu. IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, ikasomwa, ikalingana na ya kwenye boksi, kijana akatiwa pingu mbele ya wateja. Mwenye simu adai alinyang'anywa usiku na watu wawili wenye panga.

Kufika kituoni (sitakitaja) akaambiwa, "Wewe tuthibitishie hukuiba." Hilo ndilo lililonileta hapa. Tumekua twaambiwa mtu hana hatia mpaka hatia ithibitishwe. Sasa binamu atathibitisha vipi jambo ambalo hakulifanya? Risiti hana, na aliyemuuzia namba yake imezimwa. Mzigo huu ni wa nani? Kesi yatajwa wiki ijayo.

#2 kisauni_kwetu
Mzigo ni wa asiye na pesa. Uzi ufungwe.

#3 BintiMvita
@kisauni_kwetu wewe kila uzi wataka ufungwe.

Fundi, pole. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 50(2)(a): mshtakiwa huchukuliwa kuwa hana hatia hadi kinyume chake kithibitishwe. Shuka mpaka 50(2)(i): ana haki ya kunyamaza na kutotoa ushahidi katika kesi yake. Yaani hata asipofungua mdomo, upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuleta mashahidi na kuthibitisha kila kiungo cha kosa. Askari huyo hana haki ya kumwambia athibitishe chochote.

Tena angalieni kifungu cha 49. Afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na dhamana ni haki yake kwa masharti ya wastani isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima.

#4 SajiniMstaafu
Bibie, Katiba umeisoma vizuri, kazi ya upelelezi huijui. Mtu akikutwa na mali ya wizi lazima aulizwe kaipata wapi. Akisema kanunua, namuuliza kwa nani, bei gani, nani alikuwepo. Hapo simtwiki mzigo wowote, namfungulia mlango wa kutokea. Akikosa jibu hata moja la maana nimpeleke wapi? Nimwachilie arudi kibandani? Mwenye simu naye ni mwananchi. Yeye ndiye aliyeona panga.

#5 FundiWaBondeni
Afande, amejibu yote. Saa aliitaja, hata shati la muuzaji alilieleza. Kisichopatikana ni muuzaji mwenyewe.

#6 WakiliWaVibaraza
Hati ya mashtaka yasemaje? Hakuna aliyeuliza, na hapo ndipo pa kuanzia.

Akishtakiwa kwa wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, hukumu iliyoandikwa ni kifo. Akishtakiwa kwa kupokea mali ya wizi, kifungu cha 322, ni kifungo kisichozidi miaka 14. Mara nyingi huandikwa yote mawili, la pili likiwa shtaka mbadala. Ya kuthibitisha ni tofauti kabisa. Kwenye 322 serikali lazima ionyeshe alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba simu ni ya wizi. Kuwa nayo mkononi pekee hakutoshi.

Sasa kwenye wizi wa mabavu, ikiwa mlalamikaji hamtambui usoni, serikali itaegemea kanuni ya kupatikana na mali iliyoibwa karibuni. Msingi wake ni kifungu cha 119 cha Sheria ya Ushahidi, kinachoiruhusu mahakama kuchukulia lile ambalo kwa kawaida ya mambo ndilo lielekealo kuwa lilitokea. Anayekutwa na kitu muda mfupi baada ya wizi ama ni mwizi ama ni mpokezi, isipokuwa aeleze alivyokipata. Lakini kabla dhana hiyo haijasimama, Mahakama ya Rufaa yataka mambo manne yathibitishwe na mashtaka: kitu kilikutwa kwake, ni cha mlalamikaji bila utata, kiliibwa kwa mlalamikaji, na kiliibwa karibuni. Hilo la mwisho ndilo lenye vita. Mahakama huangalia kitu chenyewe huhama mikono kwa kasi gani. Simu yaweza kupita kwa watu watatu kati ya adhuhuri na magharibi pale Mwembe Tayari. Lori haliendi hivyo.

Na akishatoa maelezo, hatakiwi kuyathibitisha. Yatosha yawe ni maelezo yanayoweza kuwa kweli.

#7 kisauni_kwetu
Wakili, umeandika gazeti. Mzigo wahama ama hauhami?

#8 WakiliWaVibaraza
Hauhami.

#9 kisauni_kwetu
Lakini asipoeleza chochote aweza kufungwa.

#10 WakiliWaVibaraza
Aweza.

#11 kisauni_kwetu
Haya. Kumbe mzigo hauhami, ahamishwaye ni mtu. Kutoka Bondeni mpaka gereza la Shimo la Tewa.

#12 BintiMvita
😂 Umeshinda hiyo. Lakini kuna maelezo. Mizigo ni miwili. Ule mkubwa wa kuthibitisha hatia hukaa kwa serikali toka mwanzo mpaka hukumu. Mdogo ni wa kuliibua jambo: ukitaka mahakama ifikirie kwamba ulinunua, au ulijihami, lazima kitu fulani kiwepo kwenye ushahidi cha kulianzisha, hata kama kimetoka kwa shahidi wa serikali mwenyewe. Likishaibuliwa, serikali ndiyo ilivunje.

Haya yote yametoka kesi ya Woolmington ya Uingereza, 1935. Jamaa alimpiga mkewe risasi akasema ni ajali, mahakama ya rufaa ikamwachilia ikasema mzigo haukuwa wake.

#13 Mpwani_Ughaibuni
@BintiMvita mahakama ya rufaa ilimkatalia. Aliyemwokoa ni Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa huko wakati huo.

Kisa chenyewe: kijana wa miaka 21, kibarua wa shamba, mkewe amerudi kwa mamake. Akaenda na bunduki aliyoikata mtutu, kwa maelezo yake amtishe kwamba asiporudi atajiua, bunduki ikafyatuka. Jopo la kwanza la raia likashindwa kuafikiana. La pili likamtia hatiani baada ya jaji kuwaambia kwamba kifo kikishathibitika, ni juu ya mshtakiwa kuonyesha kuwa ilikuwa ajali. Lord Sankey ndiye aliyesema sivyo: katika sheria yote ya jinai ya Uingereza mna uzi mmoja wa dhahabu, nao ni kwamba mashtaka ndiyo yathibitishe hatia. Isipokuwa, na watu wengi huliruka hili, utetezi wa wazimu na pale bunge lilipotunga vinginevyo.

#14 kisauni_kwetu
Wa kwao wa dahabu. Huu wetu wa nailoni, ukivuta kidogo wakatika.

#15 UstadhMtaani
Assalamu aleikum. Msimpe Mwingereza sifa zote. Kabla ya huyo Sankey kuzaliwa kwa karne nyingi, Mtume (s.a.w.) amekwisha sema ushahidi ni juu ya anayedai na kiapo ni juu ya anayekana. Mabibi na mababu zetu hapa Mvita walihukumiwa kwa kanuni hiyo. Na wanachuoni wakasema adhabu za hudud, zile zilizowekwa na dini, ziepushwe kwa shubha, yaani penye tashwishi adhabu haipiti.

#16 tuktuk_la_Bamburi
Ustadh kwa hivyo binamu yake Fundi aende kwa Kadhi aape, mambo yaishe?

#17 BintiMvita
Kadhi hasikizi jinai. Kifungu cha 170(5) cha Katiba kimempa hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, tena kwa Waislamu waliokubali kwenda mbele yake.

#18 UstadhMtaani
Sikusema aende kwa Kadhi. Nasema misingi. Tena kuna jambo la ajabu mtazame. Katika fiqhi, wawili wakigombea kitu, aliye nacho mkononi ndiye mwenye nguvu, na yule mwingine ndiye alete mashahidi. Mkono ni dalili ya umiliki. Lakini hii sheria aliyoieleza Wakili, kuwa nacho mkononi ndiko kunakokutia mashakani. Ni kinyume.

#19 SajiniMstaafu
Ustadh hapo wazungumzia ugomvi wa mali, si ujambazi. IMEI imeshasema simu ni ya nani, umiliki hauna mgogoro. Tukienda kwa kiapo, kila mwizi wa Mombasa ataapa hadi sauti ipotee.

#20 UstadhMtaani
Ndiyo maana nikasema misingi. Na anayeapa uongo ana hesabu yake kwingine.

#21 tuktuk_la_Bamburi
Mimi niliwahi kubebeshwa. Mama mmoja alinyang'anywa mkoba usiku na watu waliotoroka na tuktuk, akasema dereva alikuwa mimi. Usiku huo nilikuwa harusini Likoni, kwa mke wangu wa pili (natania, kwa shemeji). Sikumwambia askari yeyote maana niliogopa kuwaingiza watu wa harusi kwenye mambo ya polisi. Nikalisema siku ya kujitetea. Kiongozi wa mashtaka akasimama akasema hayo nimeyatunga baada ya kusikia ushahidi. Hakimu aliniachilia, lakini si kwa harusi. Alisema mwangaza ulikuwa hafifu na shahidi ni mmoja.

Swali: ile harusi ilinisaidia au ilikuwa bure?

#22 WakiliWaVibaraza
@tuktuk_la_Bamburi ilikusaidia ingawa hukuona. Kesi ya Kiarie ya 1984: anayesema hakuwepo hachukui mzigo wa kuthibitisha alikuwa wapi. Yatosha utetezi huo utie katika akili ya mahakama shaka isiyokuwa ya kipuuzi. Lakini tangu kesi ya Sukha Singh, 1939, mahakama ya Afrika Mashariki ilishasema uutoe mapema ili polisi wapate nafasi ya kuuchunguza. Ukichelewa hautupwi, uzito wake ndio hupungua.

Na la shahidi mmoja usiku, hilo latoka kwa kesi ya Abdalla bin Wendo, 1953. Hukumu yaweza kusimama juu ya shahidi mmoja, lakini hakimu ajihadhari sana, hasa penye mazingira magumu ya kumtambua mtu, na atafute ushahidi mwingine wa kuutegemeza.

#23 SajiniMstaafu
Siku hizi ungesema mapema tungeangalia mnara wa simu yako na miamala ya M-Pesa, ukatoka kabla ya kesi. Kunyamaza kulikugharimu. Na ushahidi huo wa mitambo uende na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, bila hicho wakili yeyote ataupiga chini. Nimeona kesi nzuri zikifa kwa sababu ya karatasi moja.

#24 tuktuk_la_Bamburi
Afande nikuamini wewe? Ungeanza na simu yangu kuwa "kielelezo" mpaka leo.

#25 SajiniMstaafu
Hiyo pia hutokea.

#26 sheria_mwaka_wa_pili
Habarini. Nafikiri Wakili amewaficha kitu. Kanuni ya Adhabu, ambayo ni ya mwaka 1930, ilikuja na kifungu cha 323. Anayesimamishwa na kupekuliwa na polisi akiwa na kitu kinachoshukiwa kuwa ni cha wizi, akishindwa kutoa maelezo ya kuiridhisha mahakama ya jinsi alivyokipata, ana hatia. Soma pole pole. Hakuna mahali panaposema serikali ithibitishe kiliibwa kwa nani. Ongeza kifungu cha 111 cha Sheria ya Ushahidi, kinachosema mambo ambayo mtu ayajua yeye hasa, mzigo ni wake. Kwa hivyo mzigo huhama, tena kwa sheria iliyoandikwa. Sankey mwenyewe aliacha mlango wazi kwa bunge.

#27 WakiliWaVibaraza
Kijana, 111 umeisoma nusu. Endelea na maneno yanayofuata: mzigo huo huhesabiwa umetuliwa ikiwa ushahidi wa mashtaka wenyewe waonyesha jambo hilo lipo, na mshtakiwa ana haki ya kuachiliwa ikiwa ushahidi wa upande wowote umeleta shaka ya maana juu ya hatia yake. Kisha 111(2): hakuna kinachopunguza wajibu wa mashtaka kuthibitisha tendo na nia. Na 323 si kesi ya kibanda, askari hawakumsimamisha njiani.

#28 sheria_mwaka_wa_pili
Nimeisoma yote, mkuu. Kama mzigo wa 111 huwa umetuliwa kwa shaka tu, basi kifungu hicho chaongeza nini? Kiliandikwa kipambe ukurasa?

#29 kisauni_kwetu
Mwaka wa pili huyu! Akifika wa nne tutakoma.

#30 WakiliWaVibaraza
Chaongeza kitu kimoja: ukikaa kimya juu ya jambo ambalo ni wewe tu ulijuaye, mahakama hailazimiki kukutungia utetezi.

#31 sheria_mwaka_wa_pili
Hiyo ndiyo kuhama kwenyewe, kwa jina la heshima.

#32 MamaNaima
Mwanangu, kuna mahali huhama waziwazi na hapana mtu amepataja vizuri. Ndugu yangu ana maradhi ya akili tangu ujana. Alimdhuru mtu. Mahakamani tukaambiwa sheria humchukulia kila mtu ana akili timamu, kwa hivyo sisi ndio tuonyeshe kwamba wakati wa tendo hakuwa akijua alifanyalo. Sisi, si serikali. Karatasi za hospitali nyingine zilikuwa zimeharibika, daktari aliyemtibu amehama. Mwisho alionekana alitenda lakini ni mgonjwa, akawekwa ndani bila tarehe ya kutoka. Wa kifungo hujua siku yake.

#33 BintiMvita
Pole sana Mama. Ni kweli, vifungu vya 11 na 12 vya Kanuni ya Adhabu. Kipimo chake ni chepesi kuliko cha serikali, yaani ionekane kwamba yaelekea zaidi kuwa alikuwa mgonjwa kuliko kutokuwa. Lakini mzigo ni wa familia. Na kuhusu kuwekwa ndani bila mwisho, kuna majaji wa Mahakama Kuu waliosema hilo lakiuka Katiba, kwa hivyo wakili akiomba faili iangaliwe upya si kupoteza muda.

#34 MamaNaima
Ahsante mwanangu. Nitauliza.

#35 mgema_wa_Mtwapa
Na mnazi je? Mtu akilewa chakari akafanya kitu, akili si imetoka kama ya huyo mgonjwa?

#36 kisauni_kwetu
Huyu auliza kwa niaba ya "rafiki".

#37 WakiliWaVibaraza
Kifungu cha 13. Ulevi wa kujitakia si utetezi. Ukileweshwa na mtu bila kujua, au ulevi ukakufikisha kwenye wazimu hasa, hapo ni utetezi na mzigo ni wako. Lakini hata ule wa kujitakia, mahakama huutia maanani inapoangalia kama uliweza kuwa na nia ambayo kosa lataka. Kwa hivyo mlevi aliyeua aweza kutoka kwenye kuua kwa kukusudia akaingia kwenye kuua bila kukusudia. Mgema, panda minazi yako kwa amani.

#38 Nyumba_Kumi
Niwaletee nyingine. Jirani yangu, huku bara ya kaskazini, alivamiwa na vijana wa panga. Akashika mti wa mlango akampiga mmoja, yule akafa pale pale. Jirani akashtakiwa kuua kwa kukusudia. Akakaa rumande, akachoka, akakubali mapatano: shtaka likapunguzwa liwe kuua bila kukusudia, akapata kifungo. Mtaani twauliza mpaka leo, mtu akijihami nyumbani kwake naye ni mhalifu?

#39 BintiMvita
Hiyo yaniuma. Kifungu cha 17 chasema kujihami kwapimwa kwa kanuni za sheria ya Kiingereza ya mahakama: je, aliamini yuko hatarini, na nguvu aliyotumia yalingana na hatari? Akishalisema, si kazi yake kuthibitisha alijihami. Serikali ndiyo ithibitishe kwamba hakujihami. Alikuwa na utetezi, akauuza kwa sababu ya uchovu.

#40 SajiniMstaafu
Hujui alimpiga mara ngapi. Nimeona "kujihami" ambako marehemu ana majeraha mgongoni na kisogoni. Adui akishaanguka, ukiendelea si kujihami tena. Pengine wakili wake aliona picha za maiti akamshauri vizuri.

#41 Nyumba_Kumi
Picha sikuziona. Afande aweza kuwa na neno hapo.

#42 Mpwani_Ughaibuni
Angalau siku hizi hukumu ya kifo imeondolewa, hofu ya kuhatarisha kesi imepungua.

#43 sheria_mwaka_wa_pili
Haijaondolewa. Katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta *ulazima* wa hukumu ya kifo kwa mauaji. Jaji sasa aweza kutoa nyingine. Mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji tu, si wizi wa mabavu. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini hukumu zatolewa. Kwa hivyo binamu wa Fundi, akiwa kwenye 296(2), yuko mahali pagumu kuliko jirani wa @Nyumba_Kumi.

#44 kisauni_kwetu
Yaani aliyeua ana nafuu kuliko aliyeuziwa simu?

#45 sheria_mwaka_wa_pili
Kwa hilo la hukumu, ndiyo. Tena mshtakiwa wa mauaji hupewa wakili na serikali. Wa wizi wa mabavu huenda akasimama peke yake, isipokuwa mahakama ione asipopewa atadhulumika. Kuna Sheria ya Usaidizi wa Kisheria ya 2016, aombe.

#46 FundiWaBondeni
Jamaa, shukrani kwa wote. Tumetoka kwenye kutajwa. Shtaka la kwanza ni wizi wa mabavu, la pili mbadala ni kupokea mali ya wizi, kama alivyosema Wakili. Dhamana amepewa, tumechanga. Tumepata wakili kijana, ameomba maelezo ya mashahidi yote kabla ya kusikizwa. Mlalamikaji kwenye maelezo yake asema hakuwaona sura.

Ila wakili amesema jambo lililotugawa nyumbani. Ati mashtaka yakimaliza na ikionekana pana kesi ya kujibu, binamu achague: aape na kuhojiwa, aseme bila kuapa pasipo kuhojiwa, au anyamaze. Wakili aelekea kwenye kunyamaza. Mjomba ataka aape. Nyinyi mwasemaje?

#47 SajiniMstaafu
Aape. Asiye na hatia haogopi kuhojiwa.

#48 BintiMvita
Afande, asiye na hatia ndiye anayetetemeka zaidi. Mwizi mzoefu hujibu kama aliyekariri. Kwanza isionekane kama kesi ya kujibu ni jambo la lazima. Tangu kesi ya Bhatt, 1957, swali ni hili: kwa ushahidi wa mashtaka pekee, mahakama yenye busara ingeweza kumtia hatiani kama hakuna maelezo yoyote kutoka kwake? Kama sivyo, aachiliwe hapo hapo chini ya kifungu cha 210 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Hamna utambuzi wa sura. Huenda asifike kujitetea.

#49 WakiliWaVibaraza
Kuna tatizo hapo, Binti. "Kama hakuna maelezo yoyote" ndiyo hali yenyewe inayoamsha dhana ya mali iliyoibwa karibuni. Simu kukutwa kwake muda mfupi baadaye kwatosha kumpa kesi ya kujibu. Kwa hivyo mimi na huyo mwenzangu kijana hatukubaliani. Kwenye kesi nyingine ningemnyamazisha. Kwenye hii, maelezo yake ndiyo kesi yake.

#50 sheria_mwaka_wa_pili
Lakini alishayatoa kituoni. Ikiwa yameandikwa na yamo kwenye faili, shahidi wa polisi akiulizwa atakubali kwamba kijana alisema toka siku ya kwanza kanunua. Hapo jambo limeibuliwa bila yeye kupanda kizimbani.

#51 WakiliWaVibaraza
Na polisi akisema hakumbuki?

#52 kisauni_kwetu
@SajiniMstaafu waulizwa.

#53 SajiniMstaafu
Kitabu cha matukio hukumbuka. Aombe nakala. Na asidanganywe akatia sahihi ungamo lolote. Chini ya kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi ungamo halipokelewi ila likitolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiyepungua cheo cha inspekta ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Hilo nawapa bure.

#54 UstadhMtaani
Allah akuzidishie afande, leo umesema.

#55 Mpwani_Ughaibuni
Kumbukeni pia kiwango. Serikali haitakiwi kuondoa kila shaka duniani. Jaji Denning wa Uingereza alisema mwaka 1947 kwamba sheria ingeshindwa kuilinda jamii kama ingekubali kila dhana ya mbali izuie haki. Kwa hivyo "muuzaji nisiyemjua" lazima awe na mwili kidogo. Fundi, alinunua kwa shilingi ngapi? Tangu mwanzo wa uzi umetaja saa na shati, bei hukuitaja.

#56 FundiWaBondeni
Elfu tatu na mia tano.

#57 Mpwani_Ughaibuni
Na mpya huuzwaje?

#58 FundiWaBondeni
Kama elfu ishirini na nane.

#59 kisauni_kwetu
Eeeh.

#60 SajiniMstaafu
Hapo sasa. "Alikuwa na sababu ya kuamini." Serikali imeshapata shahidi wake, na ni bei.

#61 BintiMvita
Tusikimbilie. Simu haikuwa mpya, kioo kilipasuka.

#62 vioo_na_betri
Nimesoma kimya toka #1, mimi kazi yangu ndiyo hii. Kioo cha aina hizo hufika elfu nane, tisa kikiwa cha asili, hapo hujaweka gundi, ufundi, na kwamba ukifungua waweza kukuta ubao nao umeingia maji. Wateja huja kila siku na simu zilizopasuka, boksi imepotea, ataka nauli ya kwenda bara. Tatu na nusu si bei ya wizi, ndiyo bei ya sokoni. Mwambieni wakili alete fundi aeleze hivyo mahakamani.

#63 SajiniMstaafu
Na fundi huyo akiulizwa kwa nini hukuchukua nakala ya kitambulisho cha muuzaji?

#64 vioo_na_betri
Nitajibu kwamba nikianza kudai vitambulisho, mteja avuka barabara kwa jirani.

#65 sheria_mwaka_wa_pili
Jibu hilo lamsaidia mshtakiwa au mashtaka?

#66 WakiliWaVibaraza
Inategemea hakimu ni nani na amekula nini asubuhi.

#67 vioo_na_betri
Nyinyi bishaneni. Kesho leteni simu zenu zilizopasuka kibandani kwangu niwape bei, halafu mnishtaki.